Vipindi Arobaini kwa Wiki: Jinsi Mtaala wa Sekondari ya Kiislamu Unavyopangwa

Shule ya sekondari ya Kiislamu nchini Tanzania ina ahadi mbili za kutimiza kwa pamoja. Kwa serikali, imeahidi kufundisha mtaala wa taifa unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kuwafikisha wanafunzi wake kwenye mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani (NECTA). Kwa wazazi, imeahidi kumlea kijana katika dini yake: asome Kurani sawasawa, aswali akijua anachokifanya, atambue halali na haramu, na awe na adabu mbele za watu. Ahadi zote mbili zinatimizwa ndani ya saa zile zile za siku.

Kwa sababu hiyo, kuandaa mtaala wa shule kama hii ni kazi ya kuchagua. Shule nyingi huanza kwa njia iliyo rahisi: huchukua masomo yote ya serikali kama yalivyo, kisha huongeza Kurani, tajwidi, hadithi, fiqhi, tauhidi, sira na sarufi ya Kiarabu, kila moja likiwa somo linalojitegemea lenye daftari na mtihani wake. Mwanafunzi hujikuta na masomo kumi na sita au zaidi. Mwaka wa mtihani ukifika, walimu huanza kuyapunguza kimyakimya, na yanayopunguzwa kwanza huwa ni yale ya dini, kwa kuwa mengi hayamo katika cheti. Mtaala uliopangwa vizuri huzuia hali hiyo tangu mwanzo. Huamua mapema nini kifundishwe darasani, nini kifundishwe ndani ya masomo mengine, na nini kijengwe kwa maisha ya shule yenyewe.

Urithi wa chuo na urithi wa skuli

Kwa karne nyingi, watoto wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki walisomeshwa chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani. Mtoto alianza na alifu, akaingia juzuu ya Amma, akaendelea hadi kuikhitimu Kurani. Wachache walisonga mbele kwenye darsa za msikitini, wakasoma fiqhi katika kitabu kama Safinat al-Najah na nahau katika al-Ajurrumiyya, kitabu baada ya kitabu, mbele ya sheikh. Baadhi ya vituo hivyo vilipata sifa kubwa, kama Riyadha ya Lamu iliyoasisiwa na Habib Swaleh bin Alwi Jamalil-Layl, iliyovuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani. Chuoni hakukuwa na vidato. Mwanafunzi alipanda alipomaliza kitabu, awe ametumia miezi sita au miaka mitatu.

Skuli za wakoloni zilikuja na utaratibu mwingine: kengele, madarasa ya rika moja, mihula na mitihani ya pamoja. Nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi Waislamu walihofia kuwapeleka watoto wao. Miongoni mwa waliotafuta njia ya kuziunganisha elimu hizo mbili ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Katika majarida yake, Sahifa na Al-Islah, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini. Huko Unguja, Muslim Academy ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kutoa elimu ya juu ya dini kwa mfumo wa skuli. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1945, nayo ilijenga shule katika maeneo mengi ya kanda hii.

Tanzania Bara, jumuiya hiyo ilivunjwa mwaka 1968 na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) likaanzishwa. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za madhehebu mbalimbali chini ya serikali. Milango ya shule binafsi ilipofunguka tena katika miongo iliyofuata, seminari na sekondari za Kiislamu zilianza kuongezeka. Shule hizo zimerithi mifumo miwili isiyofanana: chuo kinachompandisha mwanafunzi kwa kitabu, na skuli inayompandisha kwa mwaka. Matatizo mengi ya mtaala wao yanatokana na mifumo hiyo kuwekwa chini ya paa moja bila kuamuliwa upi utawale wapi.

Msingi wa kielimu

Swali la elimu ipi ni ya lazima lilijadiliwa na wanazuoni zamani sana. Imamu Ghazali (aliyefariki 1111), katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, aliigawa elimu katika faradhi aini, inayomlazimu kila Muislamu, na faradhi kifaya, ambayo jamii ikipata watu wa kutosha walioisoma, wengine huondokewa na lawama. Katika faradhi kifaya aliweka tiba na hesabu, na pia kazi za mikono kama kilimo na ufumaji. Aliwalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana kwenye mijadala ya fiqhi, ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Muislamu hata mmoja.

Mgawanyo huo unamsaidia sana mpangaji wa mtaala wa leo. Kila mwanafunzi, awe wa mkondo wa sayansi au wa biashara, anapaswa kumaliza kidato cha nne akiwa na faradhi aini kamili: itikadi sahihi, tohara, swala, saumu, misingi ya zaka na hija, usomaji wa Kurani, na hukumu za mambo anayokutana nayo kila siku. Fizikia, kemia na ufundi haviko nje ya dini; vinaingia katika faradhi kifaya. Shule inayofundisha sayansi kwa uzembe kwa kisingizio cha kuipa dini nafasi inaenda kinyume na msingi wake wenyewe.

Katika karne ya 20, mjadala huo ulifufuliwa katika Kongamano la Kwanza la Dunia la Elimu ya Kiislamu lililofanyika Makka mwaka 1977. Wanazuoni kama Syed Muhammad Naquib al-Attas na Ismail al-Faruqi walisema kwamba kuweka somo la dini pembeni ya masomo yaliyojengwa kwa mtazamo mwingine humgawa mwanafunzi mara mbili, na wakataka maarifa yote yapangwe upya kwa mtazamo wa Kiislamu. Shule moja ya Tanga au Tabora haiwezi kuandika upya fizikia ya dunia nzima. Inaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba mwalimu wa fizikia na mwalimu wa dini hawamfundishi mtoto mmoja kana kwamba wanaishi katika dunia mbili.

Kuanza na mhitimu

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kumchora mhitimu. Kamati ya mtaala, yenye walimu wa masomo yote, wazazi na wajumbe wa bodi, huandika kwa sentensi chache kile ambacho kijana ataweza kukifanya siku atakapomaliza shule. Sentensi kama "awe Muislamu mwema" haitoshi, kwa sababu haimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Sentensi inayofaa ni ile inayoweza kuonekana kwa macho au kusikika kwa masikio: asome ukurasa wowote wa msahafu bila kosa la kubadilisha maana, aweze kuswalisha, au kusimamia ibada nyumbani kwao, aweze kukokotoa zaka ya duka dogo, aweze kueleza imani yake kwa heshima mbele ya jirani asiye Muislamu, afaulu masomo yatakayomfungulia kidato cha tano, chuo cha ufundi au ajira.

Orodha hiyo hupangwa upya kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Hapo umri huongoza. Kidato cha kwanza wengi wana miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na baleghe inawafikia au imekwisha kuwafikia. Sheria inaanza kuwabana wao wenyewe, kwa hiyo josho, hedhi, tohara, swala na saumu haviwezi kusubiri. Zaka, biashara na riba huingia vizuri kidato cha pili na cha tatu, pamoja na Elimu ya Biashara. Ndoa, malezi, talaka na mirathi hukaa kidato cha tatu na cha nne, wakati ambapo mwanafunzi ana akili ya kuyapima na hesabu za kutosha za sehemu.

Palipo na tofauti za madhehebu, mtaala unapaswa kusema wazi unafuata njia ipi. Pwani na bara wengi ni Mashafii, lakini wapo Maibadhi, Mashia Ithnaashari na wasiofungamana na madhehebu maalumu. Shule nyingi hufundisha fiqhi kwa kitabu cha madhehebu moja, kisha katika vidato vya juu huonyesha kwamba tofauti zipo na kwamba zina hoja zake. Jambo hilo likiachwa kwa kila mwalimu aamue, wanafunzi huletewa mabishano ya msikitini ndani ya darasa.

Hesabu ya ratiba

Uamuzi mkubwa hufanyika kwenye ratiba. Tuchukue mfano wa shule yenye vipindi nane vya dakika 40 kwa siku, siku tano, yaani vipindi 40 kwa wiki. Kamati yake imeipa Hisabati vipindi vitano, Kiingereza vitano, Biolojia vinne, na vitatu vitatu kwa Kiswahili, Fizikia, Kemia, Jiografia na Elimu ya Biashara. Historia ya Tanzania na Maadili imepata viwili. Jumla ni vipindi 31. Vilivyobaki ni tisa, na ndani ya tisa hivyo kuna michezo.

Vikichukuliwa vitatu vya Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo linalotahiniwa na NECTA kidato cha nne, vitatu vya Kiarabu na viwili vya Kurani, kinabaki kimoja cha michezo. Hapana nafasi ya kuiweka fiqhi, hadithi, sira na tauhidi kama masomo manne tofauti. Njia yenye manufaa ni kuziunganisha ndani ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo muhtasari wake tayari unagusa imani, ibada, Kurani, hadithi, familia na historia. Shule huongeza kina pale muhtasari ulipo mwepesi, na haifundishi jambo moja mara mbili kwa majina mawili.

Kurani ndiyo inayohitaji hesabu ya makini zaidi. Vipindi viwili kwa wiki ni dakika 80. Shule ya bweni inayotenga dakika 40 kila siku ya masomo baada ya swala ya Alfajiri hupata dakika 200 kwa wiki, bila kugusa ratiba ya darasani. Kwa mwaka wenye siku 194 za masomo, hiyo ni karibu saa 130, na vipindi vile viwili huweza kupewa Hisabati au kompyuta.

Msahafu wa Madina unaotumika sana una kurasa 604. Kwa miaka minne shule ina siku 776 za masomo. Mwanafunzi anayehifadhi nusu ukurasa kila siku, bila kukosa hata siku moja na bila kutenga siku za kurudia, atafika ukurasa wa 388. Anayeahidi wazazi kwamba kila mwanafunzi atamaliza hifdhi ya Kurani nzima ndani ya sekondari ya kawaida ameahidi jambo ambalo saa za shule yake haziruhusu. Juzuu tano ni karibu kurasa 100, ambazo kwa mwendo huo huo huchukua siku zipatazo 200, na siku zilizobaki zikatumika kurudia, kusahihisha tajwidi na kuelewa maana. Lengo hilo hufikiwa na wengi. Wenye kipaji cha hifdhi wawekewe njia yao, yenye mwaka wa ziada au ratiba maalumu, kuliko kuwaburuza wote kwa mwendo wa wachache.

Kupanda kwa kitabu au kwa mwaka

Wanafunzi wa kidato cha kwanza huja na viwango vinavyotofautiana mno. Yupo aliyekhitimu akiwa darasa la tano, na yupo asiyetofautisha *sin* na *shin*. Kuwaweka pamoja kwa sababu tu wote ni wa kidato cha kwanza kunamchosha wa kwanza na kumwaibisha wa pili. Hapa utaratibu wa chuo una faida kuliko wa skuli. Shule huwapima wote wiki ya kwanza, ikawagawa katika halqa, yaani vikundi vya kusomea, kwa kiwango cha usomaji bila kujali kidato, na mwanafunzi akahamia halqa ya juu pindi anapoiva. Masomo ya NECTA yanabaki kwenda kwa mwaka, Kurani na Kiarabu vinakwenda kwa kiwango.

Mpangilio wa nini kitangulie nao una historia yake. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba watu wa Maghreb waliwafundisha watoto Kurani peke yake hadi waimudu, ilhali watu wa Andalusia waliichanganya na mashairi, sarufi na hati. Wa kwanza walitoa wasomaji hodari wa Kurani walio dhaifu katika kujieleza. Wa pili walitoa waandishi wazuri. Alitaja pia rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi ya kutanguliza lugha na hesabu kabla ya Kurani, akaisifu, kisha akasema desturi za watu haziisaidii.

Katika sekondari ya leo, swali hilo linarudi kwa sura ya lugha tatu. Masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Elimu ya Dini ya Kiislamu ya kidato cha nne hufanywa kwa Kiswahili. Kurani na hadithi ziko kwa Kiarabu. Kiarabu kikifundishwa kama sarufi tupu kwa miaka minne, wengi hutoka wakiwa na kanuni wasizozitumia. Kikifundishwa kwa kuanzia na maneno yanayojirudia katika sura fupi na katika swala, mwanafunzi huanza kuelewa anachokisoma kila siku, na sarufi humjia kama ufafanuzi wa kitu anachokijua. Kiswahili nacho kinamsaidia, kwa wingi wa maneno yake yenye asili ya Kiarabu.

Dini ndani ya masomo mengine

Kuunganisha elimu hakumaanishi kuanza kila kipindi kwa aya na kuendelea kama kawaida. Maana yake ni kutafuta mahali ambapo maudhui ya somo na maudhui ya dini yanakutana kweli, kisha walimu wawili wakapanga mada hiyo pamoja katika maazimio yao ya kazi.

Mirathi ni mfano ulio wazi. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, na mali ya shilingi 8,000,000 baada ya deni na wasia. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumuni, yaani 1/8, shilingi 1,000,000. Zinazobaki, 7,000,000, zinagawanywa sehemu tano: kila wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Kila kijana wa kiume anapata 2,800,000 na binti 1,400,000. Swali gumu zaidi ni la mwanamke aliyeacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, na jumla yake ni 7/6, zaidi ya mali yenyewe. Wanazuoni wa Kisunni hulitatua kwa aul: asili ya mali hupandishwa kutoka sita hadi saba, mume akapata 3/7 na dada 4/7. Mwanafunzi aliyefanya maswali hayo ameelewa sehemu, uwiano na sheria kwa wakati mmoja. Al-Khwarizmi mwenyewe, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa hesabu za wasia na mirathi.

Jiografia inatoa mfano mwingine. Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kiasi cha nyuzi 39 na ushei mashariki. Kwa hiyo kibla cha Dar es Salaam kinaelekea kaskazini moja kwa moja, kwa tofauti ya takriban digrii moja tu. Kigoma, iliyo karibu na longitudo 30, kibla chake kinapinda kiasi cha digrii 20 kuelekea mashariki. Mwanafunzi anayekokotoa hilo kwa ramani na dira anazielewa longitudo kuliko anayezikariri. Elimu ya Biashara ina zaka ya asilimia 2.5 na nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ya gramu 85 hivi za dhahabu. Kilimo kina zaka ya asilimia 10 kwa mazao ya mvua na asilimia 5 kwa ya umwagiliaji wenye gharama.

Zipo pia sehemu ngumu, na mtaala hauna budi kuzikabili kwa maandishi. Hisabati ina mada ya riba ya benki. Mwanafunzi lazima aijue hesabu yake, maana ipo katika mtihani na katika maisha ya watu, na hapo hapo ajifunze hukumu yake na njia mbadala kama murabaha (kuuza kwa faida iliyotajwa wazi) na mudharaba (ubia wa mtaji na kazi), ambazo anaweza kuziona zikitumika katika Amana Bank, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, au Gulf African Bank ya Kenya, iliyoanza mwaka 2008. Biolojia ina nadharia ya mageuko ya viumbe. Walimu wa biolojia na wa dini wakikubaliana kabla, wa kwanza hueleza nadharia inasema nini na ushahidi wake ni upi kama muhtasari unavyotaka, wa pili huonyesha itikadi ya uumbaji na namna wanazuoni walivyojadili jambo hilo. Wasipokubaliana, mwanafunzi husikia kila mmoja akimbeza mwenzake. Katika historia, ustaarabu wa Kilwa na msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107 ni fahari ya wanafunzi. Biashara ya utumwa ya karne ya 19, ambayo wafanyabiashara Waislamu wa pwani walishiriki, nayo ifundishwe kwa ukweli uleule, pamoja na swali la kimaadili inaloliibua.

Siku ya shule

Sehemu kubwa ya malezi haimo darasani, kwa hiyo siku nzima hupangwa kama sehemu ya mtaala. Dar es Salaam, Adhuhuri huingia kati ya saa sita na dakika chache mchana na saa saba kasoro dakika ishirini, kutegemea mwezi. Mapumziko ya chakula yakianza saa saba, swala ya jamaa hupata nafasi yake bila kukata kipindi. Shule za kutwa zinazotoka saa nane na nusu lazima ziamue kama Alasiri itaswaliwa shuleni au nyumbani. Ijumaa ratiba hufupishwa ili khutuba isigombanie muda na somo la mwisho.

Ramadhani husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua. Mwaka mmoja huangukia muhula wa kwanza, miaka kadhaa baadaye huangukia likizo au wiki za mitihani. Mtaala mzuri una ratiba ya Ramadhani iliyoandaliwa kabla: vipindi vifupi, masomo mazito asubuhi, mazoezi ya maabara yasiyochosha, na wanafunzi wa bweni kupata usingizi kati ya Tarawehe na daku. Kwa wasichana, mtaala ueleze wanachofanya katika halqa siku za hedhi, kwa mfano kusikiliza tafsiri au kusoma hadithi, ili wasikae pembeni wiki nzima kila mwezi. Matroni na mwalimu wa fiqhi wa kike ni wahusika wa lazima katika kulipanga hili.

Walimu

Mtaala wowote hufikia pale mwalimu wake anapofikia. Shule hizi huwa na makundi mawili: walimu wenye shahada na leseni ya kufundisha masomo ya taifa ambao elimu yao ya dini ni ndogo, na masheikh wenye elimu kubwa ya dini ambao hawajasomea ualimu. Wa kwanza hulipwa kwa ngazi inayojulikana. Wa pili mara nyingi hupewa posho. Tofauti hiyo ya malipo huwafundisha wanafunzi, bila maneno, elimu ipi inathaminiwa na shule. Mtaala unaojali dini humpa mwalimu wa dini mkataba, mafunzo ya mbinu za kufundishia na nafasi katika vikao vya taaluma.

Vyuo vya kuwaandaa walimu wenye pande zote mbili vipo katika kanda hii. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005. Huko Zanzibar, chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kilianza mwaka 1998. Uganda ina Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988. Kwa walimu walioko kazini, jambo la maana zaidi ni muda wa pamoja: kikao kimoja kila wiki mbili ambapo mwalimu wa Hisabati na wa fiqhi, au wa Biolojia na wa dini, wanapitia mada zinazokuja na kuandaa andalio la somo moja kwa pamoja.

Kupima

Mambo yanayofundishwa yanatofautiana, na vipimo vyake navyo vitofautiane. Maarifa ya dini hupimwa kwa maandishi kama somo lolote, na mtihani wa NECTA unatosha kuwa kipimo cha mwisho. Usomaji wa Kurani hupimwa kwa masikio: mwanafunzi anakaa mbele ya mwalimu, anasoma ukurasa aliochaguliwa, na makosa yanaandikwa kwa aina yake, ya herufi, ya madi, ya kusimama. Kadi ya hifdhi huonyesha alipofika na alichorudia, na mzazi huiona kila mwisho wa muhula.

Ibada na tabia havipewi alama za asilimia. Swala inayoswaliwa kwa ajili ya alama hufungua mlango wa ria, yaani kujionyesha, na mwanafunzi mjanja hujifunza haraka kuonekana mcha Mungu mbele ya mwalimu wa zamu. Mahudhurio ya swala ya jamaa yanaweza kuandikwa kwa ajili ya nidhamu. Mwenendo huelezwa kwa sentensi za mlezi wake katika ripoti: namna anavyotunza amana, anavyowatendea wadogo, anavyopokea kukosolewa. Maelezo hayo humsaidia mzazi kuliko herufi B mbele ya neno "adabu".

Kupitia upya

Mtaala wa taifa wenyewe hubadilika. Mageuzi yaliyotokana na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo yalianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, yakiwa na mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Kenya nayo inahama kutoka mfumo wa 8-4-4 kwenda mtaala wa umilisi, na shule za huko zinazounganisha madrasa na masomo ya serikali zinalazimika kupanga upya nafasi ya somo la dini. Kila badiliko la juu huigusa ratiba ya chini. Mkondo wa amali, hasa, ni fursa kwa shule za Kiislamu, kwa kuwa ufundi, kilimo na ushonaji ni katika zile faradhi kifaya alizozitaja Ghazali.

Kwa hiyo kamati ya mtaala haivunjwi baada ya kuandika waraka wa kwanza. Kila mwisho wa mwaka hutazama mambo manne: matokeo ya NECTA, kadi za hifdhi, vipindi vilivyofundishwa kweli vikilinganishwa na vilivyopangwa, na kauli za wahitimu wa miaka miwili au mitatu iliyopita. Vipindi vya dini vikikutwa vimeliwa na mazoezi ya mtihani, au maabara ikikutwa imefungwa kwa sababu ya shughuli za msikiti, ratiba hurekebishwa kabla ya Januari. Wathibiti ubora wa serikali hukagua upande mmoja wa ahadi za shule. Upande wa pili hukaguliwa na shule yenyewe pamoja na wazazi, kwa kumrudia yule mhitimu waliyemchora mwanzoni na kuuliza, sentensi moja baada ya nyingine, kama waliomaliza mwaka huo wanafanana naye.